Msomaji wa Mshale wa Shangazi

6 Januari, Jumatatu

Ninaifungua shajara hii kwa sababu leo nimeteuliwa. Uteuzi wenyewe haukuwa wa maandishi, jambo ambalo nimelilalamikia papo hapo, bali ulitolewa kwa mdomo na mume wangu, dereva mstaafu wa malori, akiwa ameketi nyuma ya usukani wa pikapu yetu kuukuu ambayo yeye huiita Shangazi kwa kuwa haachi kulalamika.

"Kuanzia leo," alisema, "wewe ni utingo wangu."

Nilimkumbusha kwamba mimi ni mwandishi wa maombi, mwenye meza, taipureta na wateja, na kwamba cheo cha utingo hakinistahili.

"Basi uwe msomaji. Si unapenda kusoma? Soma kile pale."

Kile pale ni kipimajoto cha injini. Ni kioo cha duara, kidogo kuliko kisosi, chenye ufa mmoja, na ndani yake mna mshale mweupe mwembamba. Kushoto ni upande wa baridi. Kulia kuna mstari mwekundu ambao, kwa maelezo yake, mshale ukiufikia sisi tutashuka na kutembea kwa miguu. Wajibu wangu ni huu: kila atakaposema "Msomaji?", nimjulishe mshale ulipo. Nilipomuuliza kwa nini asiutazame mwenyewe, ilhali uko mbele ya pua yake, alijibu kwamba macho ya dereva ni ya barabarani na mambo ya ndani yana mwenyewe.

Nakiri kwamba nilifurahi. Miaka yote aliyoendesha malori ya watu sikuwahi kukaa kando yake hata safari moja. Nimeona kwamba hii ni namna yake ya kunikaribisha.

9 Januari, Alhamisi

Joto kali. Mshale katikati, kwenda na kurudi.

11 Januari, Jumamosi

Mshale katikati. Mume wangu alikwenda sokoni amevaa shati nje ndani. Nilimrekebisha mbele ya muuza vitunguu, naye akadai kwamba huo ndio mtindo wa sasa.

14 Januari, Jumanne

Leo nimefanya kosa, na kwa kuwa kosa hilo linatokana na sifa yangu iliyo bora kuliko zote, nitalieleza kwa ukamilifu.

Tulikuwa kwenye foleni ya daraja jembamba, magari yakipita kwa zamu. Jua lilikuwa utosini. Shangazi alisimama akinguruma, hakuna upepo unaompiga usoni, nami nikaona mshale ukiacha katikati na kuanza kupanda. Haukupanda kwa kishindo. Ulipanda kama mtu anayenyanyuka kitini bila kutaka waliokaa wamtambue.

"Msomaji?" aliuliza mume wangu.

Mimi sijaenda shule zaidi ya madarasa saba. Lugha niliyo nayo nimejifunza mwenyewe, kwa kusoma barua za ofisini na kuzinakili hadi vidole vikaota sugu. Katika kujifunza huko nilishika kanuni moja: habari mbaya haiingii kwa mwenye mamlaka bila salamu, utangulizi na sababu. Kwa hiyo nilianza hivi:

"Mume wangu mpendwa, awali ya yote napenda kukushukuru kwa imani uliyonipa. Pili, ningependa kukujulisha kwamba katika muda huu mfupi wa kusubiri, kumejitokeza mabadiliko ambayo, kwa mtazamo wangu..."

Hapo boneti ilitoa sauti kama sufuria iliyofunikwa vibaya, na mvuke ukatupanda kiooni.

Alizima injini. Nyuma yetu watu walipiga honi na mmoja akauliza kama tunapika maharage. Kisha mume wangu akaanza kucheka. Alicheka hadi akaegemea usukani.

"Mama Karani," alisema akifuta machozi, "siku nyumba ikiungua utaniamsha kwa 'rejea mazungumzo yetu ya awali'."

Nilikasirika. Halafu nami nikacheka, kwa maana nilikuwa bado na aya mbili kichwani.

15 Januari, Jumatano

Tumempeleka Shangazi kwa fundi. Fundi huyu anaitwa Subiri kwa sababu ndilo neno lake la kwanza kwa kila mteja. Nilimwomba afungue kifuniko cha rejeta atueleze hali ilivyo.

"Subiri," alisema. "Huyu bado ana hasira. Ukimfungua akiwa hivi, maji yaliyomo yanakurukia usoni. Mpaka mpira huu wa juu uweze kuushika kwa mkono bila kuutupa."

Tulisubiri. Alikuta mkanda wa feni umelegea, na ndiyo sababu Shangazi huvumilia akitembea lakini huchemka akisimama. Aliukaza. Nilimwomba pia anifundishe kazi ya mshale kwa utaratibu, naye, akiwa chini ya gari, alinieleza hivi: asubuhi mshale hulala upande wa baridi; injini ikipata moto hupanda na kutulia katikati, na hapo ndipo pake. Ukichelewa sana kupanda, kuna mlango mdogo wa maji umekwama wazi. Ukipanda juu ya katikati, toa mguu kwenye mafuta, washa hita, tafuta pa kusimama.

"Hita? Katika joto hili?"

"Ndiyo, mama. Hita inaiba moto wa injini inakupulizia wewe. Unaungua miguu, lakini injini inapona."

"Kwa hiyo kipimajoto ndicho kinacholinda gari?"

"Hapana, hakilindi kitu. Kinapeleka habari tu. Kuna kidude kimezama kwenye maji ya injini, kina waya mmoja. Kinachosikia ndicho kinachosema."

Nilikielewa mara moja. Ni mwandishi wa barua za watu, kama mimi.

Mume wangu ametoa amri mpya, nami nimeikubali: kichwa cha habari kwanza, salamu baadaye.

19 Januari, Jumapili

"Msomaji?" "Katikati." "Msomaji?" "Katikati." Safari nzima. Nadhani wapo wanandoa wanaoambiana maneno matamu kuliko hayo, ila sina hakika kama huyasema mara nyingi hivyo.

22 Januari, Jumatano

Mshale wa joto na mshale wa mafuta ilipanda kwa pamoja hadi mwisho. Nilipiga kelele. Tulisimama kwa ghafla, mbuzi wa mtu akanusurika. Subiri alikuja, akatazama, akasema: "Mama, gari halijazi mafuta likiwa linatembea. Mishale miwili ikipanda sare, ni umeme wa dashibodi, si moto. Magari ya zamani ndivyo yalivyo." Amemchukua Shangazi akasafishe nyaya zote.

25 Januari, Jumamosi

Nimekaa na kalamu muda mrefu kabla ya kuandika.

Tulimchukua Shangazi kwa Subiri saa za asubuhi. Mume wangu aliendesha. Nilikuwa nikifikiria ombi la mjane mmoja ambaye shamba lake limeingizwa katika mipaka ya shule, na nilikuwa natafuta neno la heshima badala ya "wameniibia". Mume wangu akaita, "Msomaji?" Sikumsikia. Akaita tena. Kisha akainamisha kichwa, akautazama mshale moja kwa moja, akasema kwa kiburi, "Acha, nimejisomea mwenyewe. Upo katikati, safi kabisa."

Nikautazama. Mshale ulikuwa umelala kushoto kabisa, upande wa baridi, umekufa. Subiri alikuwa amesahau kuurudisha waya mahali pake.

Mwanzoni nilidhani anatania. Nilimtazama usoni. Hakuwa anatania. Alikuwa anatabasamu kama mtu aliyebahatisha jibu na anaomba asiulizwe alilipataje.

Nilimwambia asimame kando, kwamba nasikia kichefuchefu. Aliposimama nikamwonyesha mbele, karibu na duka la unga.

"Kile kilichosimama pale ni nini?"

"Mtu."

"Mtu gani?"

Alikaza macho. "Mnene."

Lilikuwa pipa la maji.

Nilitoa ufunguo mwenyewe na tukarudi nyumbani kwa miguu, yeye akiwa ameshika kiwiko changu, akizungumzia bei ya matairi.

26 Januari, Jumapili

Shati lililovaliwa nje ndani. Chai aliyotia chumvi akanywa yote bila kukunja uso. Koti langu msumarini alilolisalimu shikamoo, nami nikadhani ni mzaha. Njia moja tu anayoijua kwa moyo, nyumbani hadi barazani kwangu pa kazi, barazani hadi sokoni. Na "Msomaji?" kumi kwa siku.

Hakuwa ananikaribisha. Alikuwa anaomba msaada, na hakujua namna ya kuliandika ombi hilo. Nami ambaye watu hunijia kutoka mbali ili niwaandikie, sikulisoma.

28 Januari, Jumanne

Subiri ameurudisha waya na kutuletea Shangazi nyumbani. Nimeficha ufunguo wake katika boksi la karatasi za kaboni. Alipekua nyumba nzima kimya kimya. Mwishowe akaketi.

"Umejua," alisema.

"Nimejua."

"Tangu lini?"

"Tangu pipa."

"Kwani lilikuwa pipa? Nililisalimia wiki nzima. Nikasema jamaa ana maringo huyu, haitikii."

Tulicheka, kisha hakuna aliyecheka.

30 Januari, Alhamisi

Zahanati. Muuguzi wa macho alimmulika kwa tochi ndogo. Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na moja limekomaa. Hutolewa kwa upasuaji mfupi. Lakini hakuna anayefanya upasuaji huo upande wetu. Madaktari wa macho wamekuja katika hospitali ya ng'ambo ya mlima na wataondoka wiki ya kwanza ya Machi. Baada ya hapo haijulikani watarudi lini, na muuguzi alisema wazi kwamba jicho lililokomaa halisubiri kila mtu. Jina la mume wangu limeandikwa kwa tarehe nne Machi.

"Mtapanda basi," alisema muuguzi.

"Sipandi basi," alisema mume wangu.

2 Februari, Jumapili

Hataki basi. Hataki gari la jirani. Hataki Subiri amwendeshe. Anasema amewapeleka watu hospitali maisha yake yote, wengine wakiwa wamelala juu ya magunia ya saruji, na hajawahi kupelekwa. Anasema pia haoni vibaya hivyo. Kila ninapomuuliza, jibu ni lile lile: "Niko sawa." Anasema kwa utulivu unaoniudhi.

5 Februari, Jumatano

Leo jioni nilivaa gauni langu la kwenda mahakamani, nikasimama mbele ya kiti chake na kumsomea:

"Kwa Dereva Mkuu wa Nyumba Hii. Yah: Ombi la Kukubali Kutibiwa Macho. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi mwombaji, ambaye ni mkeo, nakuomba kwa unyenyekevu ukubali kupelekwa hospitali kwa gari lako mwenyewe, likiendeshwa na mtu utakayemfundisha mwenyewe, ambaye ni mimi."

Alisikiliza hadi mwisho, mikono juu ya magoti.

"Ombi limepokelewa," alisema. "Linashughulikiwa."

"Litajibiwa lini?"

"Njoo wiki ijayo na picha mbili za pasipoti."

Niligeuka kwenda jikoni. Nikiwa mlangoni, akasema kwa sauti nyingine, "Utaweza ule mlima?"

"Nitafundishwa na nani?"

"Na mimi."

"Basi nitauweza."

8 Februari, Jumamosi

Somo la kwanza, uwanja ulio nyuma ya ghala la mbao. Shangazi aliruka kama chura na kuzima. Mara tisa, na mara zote tisa mwalimu alisema "vizuri".

12 Februari, Jumatano

Nimegundua kwamba hahitaji kuona ili aendeshe kupitia mimi. "Anakulalamikia, mbadilishie gia." "Hilo ni shimo, ulilipita kushoto, lipite kulia." "Unashika usukani kama unamkaba mtu." Yote kwa masikio na makalio, samahani kwa neno hilo, ndilo alilolitumia.

Mshale nausoma mwenyewe sasa, na kumtangazia. Bado anaita "Msomaji?", kwa mazoea.

17 Februari, Jumatatu

Joto limezidi. Mabati yanalia mchana. Wateja wachache, hata wenye malalamiko wamechoka kulalamika. Leo mjane amejibiwa: wataupima upya mpaka. Alinishika mikono. Nilitamani kumweleza kwamba neno nililotumia mwishoni lilikuwa "wameniibia".

24 Februari, Jumatatu

Mtihani wa leseni. Nimefaulu. Mtahini aliniuliza nani amenifundisha, kwa kuwa napiga honi kwa adabu. Mume wangu alikuwa amekaa kwenye benchi nje akitazama upande ambao sikuwepo. Nilipomgusa bega alisema, "Nilisikia ulivyopaki. Umefaulu."

3 Machi, Jumatatu

Subiri amekagua mkanda, rejeta, pampu. Ametutilia madumu mawili ya maji nyuma. Amesema mipira ya maji ni ya zamani lakini itafika. Sikulipenda neno "itafika". Linaacha nafasi.

Mume wangu amekula kidogo. Niliuliza kama anaogopa. "Niko sawa," alisema.

4 Machi, Jumanne

Ninaandika katika ukumbi wa hospitali, juu ya goti.

Tuliondoka kabla ya jua kuchomoza ili tupande mlima kukiwa na ubaridi, lakini kwenye mizani ya malori tulizuiwa muda mrefu, na tulipoanza kupanda jua lilikuwa tayari limekaa vizuri. Barabara ile inajipinda na kujirudia. Chini yetu niliona paa za nyumba kama vitabu vilivyofunguliwa na kufunikwa kifudifudi. Mume wangu alikuwa ameshika mpini wa mlango, ananihesabia kona kwa kumbukumbu. "Hii inayokuja ni mbaya. Gia ya pili. Sasa. Vizuri, mama."

"Msomaji?"

"Juu ya katikati," nilisema. Kichwa cha habari kwanza.

"Washa hita."

Niliwasha. Hewa ya moto ilitoka chini ya dashibodi ikatuchoma miguu. Tulifungua madirisha. Jasho lilinitiririka hadi ndani ya masikio. Mshale ulisita, ukasimama robo moja kabla ya wekundu, ukakaa hapo. Shangazi alipanda akiguna.

"Msomaji?"

"Pale pale."

Tukapita kona nyingine, na nyingine. Harufu fulani tamu, kama sukari iliyoungua, ilipita nikaipuuza. Kisha nikaona ambacho nilikuwa nakiomba tangu asubuhi: mshale ukaanza kushuka. Ulishuka kwa haraka, ukapita katikati, ukaendelea hadi upande wa baridi na kulala hapo.

"Umeshuka!" nilipaza sauti. "Mume wangu, umeshuka kabisa! Shangazi amepoa!"

Nilitarajia anipongeze. Badala yake aliinama, akanyoosha mkono, akapapasa hadi akalipata tundu la hita karibu na mguu wangu, akatandaza kiganja mbele yake.

"Simama," alisema.

"Lakini mshale uko kwenye baridi, nimeuona kwa..."

"Hewa hii ni ya baridi. Hita haina maji. Simama sasa, zima!"

Hajawahi kunipazia sauti. Nilimvuta Shangazi hadi kwenye kokoto, nikazima. Ndipo tukasikia: chini ya boneti kitu kilikuwa kinanong'ona na kudondosha matone, na mvuke mwembamba ulikuwa unatoka upande wake, mbali na macho yangu.

"Mshale umenidanganya," nilisema.

"Haujakudanganya." Sauti yake ilikuwa imerudi chini. "Kile kidude kinasikia maji. Maji yakiisha, kinaning'inia hewani. Hakisikii chochote, basi hakina cha kusema, na mshale unalala. Shangazi hajapoa. Amenyamaza tu."

Tuliketi kwenye jiwe, kwenye kivuli cha gari. Hapakuwa na la kufanya ila lile neno la Subiri. Lori moja lilipita likatupigia honi. Nilimtazama mume wangu. Alikuwa amekaa wima, ametulia, ameweka mikono juu ya magoti kama siku niliyomsomea ombi, na uso wake haukuwa na lolote ndani yake.

"Uko sawa?" nilimuuliza.

"Niko..." alianza.

Sikumkatiza. Nilingoja.

"Naogopa," alisema. "Naogopa wakitoa bendeji nikute giza lile lile. Sasa hivi angalau naweza kusema bado sijatibiwa. Baadaye nitasema nini? Nitakaa barazani kwako kama mzigo, watu wakuletee barua na waniruke miguu." Alivuta pumzi. "Nikajua ukiona nimetulia, utatulia."

Nilimshika mkono. Ulikuwa wa moto. Nilitafuta maneno, nina mengi, nimeyakusanya umri mzima. Nikachagua machache.

"Nisingetulia," nilisema. "Ningepanda mlima nikiwa sina maji."

Aliinamisha paji la uso begani kwangu. Tulikaa hivyo hadi mpira wa juu uliposhikika kwa mkono.

Mpira wa chini ulikuwa umepasuka karibu na ncha. Mimi nilimmulikia kwa tochi, ingawa ilikuwa mchana na yeye haioni tochi; nilitaka kuwa na kazi. Alifanya yote kwa kupapasa. Aliukata mpira pale ulipopasuka, akaivuta sehemu iliyobaki, akairudisha kwenye bomba, akakaza kibano kwa bisibisi. "Hapa?" "Hapo." "Kimenyooka?" "Kimenyooka." Tulimimina maji polepole, dumu la kwanza na sehemu ya la pili, tukangoja mapovu yatoke. Nilipowasha, mshale ulinyanyuka upande wa baridi, ukapanda taratibu, ukatulia katikati. Hewa ya hita ikatuchoma tena miguu. Sikuwahi kuifurahia hewa mbaya namna ile.

Tulifika hospitali wakati mlango wa chumba cha macho unafungwa. Muuguzi alikuwa na funguo mkononi. "Mama, orodha ya leo tumemaliza. Wenzenu walifika asubuhi. Kesho madaktari wanafungasha."

Nilikuwa na mafuta mikononi hadi kwenye viwiko, na gauni langu la mahakamani lilikuwa na alama ya mpira. Ombi kamili lilikuwepo kichwani, lenye utangulizi, sababu na hitimisho. Nikaliacha huko huko.

"Mume wangu haoni," nilisema. "Gari limetuharibikia mlimani, amelitengeneza kwa mikono akiwa haoni. Tumefika."

Muuguzi aliitazama mikono ya mume wangu, kisha yangu. Aliingia ndani. Nilisikia sauti mbili zikiongea, kiti kikivutwa. Akatoka na joho la kijani.

"Anawe kwanza," alisema. "Sabuni iko pale. Atakuwa wa mwisho."

5 Machi, Jumatano

Bendeji imetolewa asubuhi, jicho moja. La pili watalifanya safari ijayo, wametuandikia.

Alikaa na kope zimefungwa muda mrefu kuliko daktari alivyotaka. Kisha akafungua. Alitazama dirisha, ukuta, mikono yake mwenyewe mbele na nyuma. Halafu akageuka.

"Hizi mvi," alisema polepole, "umezianza lini?"

"Ulipokuwa uko sawa."

Alinyoosha kidole akazigusa juu ya sikio. Daktari alikwenda kutafuta kitu ambacho, nina hakika, hakikuwa kimepotea.

8 Machi, Jumamosi

Tunapumzika kwa binamu yangu hadi ruhusa ya kusafiri. Subiri amekuja kwa basi na mpira mpya. Alisema, "Niliwaambia itafika." Mume wangu alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akamwambia, "Kumbe wewe ni mfupi."

15 Machi, Jumamosi

Mvua ya kwanza imenyesha leo, tukiwa tunarudi. Ilianza tulipofika kilele, matone makubwa ya hapa na pale, kisha ikaja yote. Barabara ilitoa harufu ya vumbi linaloloa. Nilipunguza mwendo, gia ya pili, kama nilivyofundishwa. Macho yangu yalikuwa barabarani, na kifuta kioo kimoja cha Shangazi hakifanyi kazi, kwa hiyo nilikuwa nimeinama nikichungulia upande mmoja.

Mume wangu alikaa kushoto kwangu na miwani yake myeusi ya hospitali. Niliita bila kugeuka.

"Msomaji?"

Alikohoa kusafisha koo. Aliivua miwani. Akaketi wima.

"Kwa heshima na taadhima," alianza, "mimi utingo wako, mwenye jicho moja jipya, awali ya yote napenda kukushukuru kwa imani uliyonipa. Pili, ningependa kukujulisha kwamba, baada ya kukichunguza kipimajoto hiki kwa kina, na baada ya kubaini kuwa kina ufa ambao hakuna aliyewahi kuniambia..."

"Kichwa cha habari kwanza!"

"Katikati," alisema.

Kisha akaendelea. Akasoma mshale wa mafuta. Akasoma tarakimu za mwendo, namba ya lori lililokuwa mbele yetu, na maneno yaliyoandikwa kwenye turubai lake. Akasoma kibao cha kona kali, kibao cha zahanati, tangazo la rangi za nyumba lililobanduka nusu. Alisoma duka la unga, na pipa lile mbele yake, akaliomba radhi. Alisoma kila kitu hadi mlangoni kwetu, kwa sauti, bila kuruka neno.

Sikumkatiza.